Godoro Jekundu kwenye Mlima wa Bugarama

Ninyi waendesha baiskeli wa kituo cha taksi-velo nyuma ya soko, kila mmoja ananiuliza kwa wakati wake: Balta, ilikuwaje huko juu? Nimechoka kujibu kipande kipande. Abiria akija nakatiza, kesho mwingine anaanza upya. Shule niliiacha mapema, mwandiko wangu mnaujua, lakini nimeandika yote mara moja, na anayesoma vizuri kati yenu awasomee wengine. Habari za ruhusa na vitambulisho naziruka. Hizo kila mtu anazo zake na hazina utamu.

Nilikwenda kumchukua dada yangu Goreti. Ni yeye tu aliyebaki kati ya watoto wa mama yetu, na kwangu mimi hakuna mwingine. Mnakijua chumba changu cha Bwiza: kitanda, jiko, baiskeli imeegemea ukuta. Nikirudi jioni naongea na baiskeli. Sasa mmoja wa wale wanaoshusha ndizi na makaa kwa baiskeli kutoka Bugarama, tunamwita Askofu, aliniletea neno. Alisema kuna mama anauza kabichi huko juu kando ya barabara, mguu mmoja mbaya, kasema: "Mwambie ndugu yangu aje anione." Nikaelewa kwamba ananiita nikamlete. Ningeelewaje vingine? Nikanunua sponji mpya, nikaishona kwa kitambaa chekundu chenye nyuzinyuzi pembeni, nikaifunga kwenye kiti cha nyuma, godoro dogo. Akae vizuri. Mguu wake usiumie.

Mtauliza kwa nini sikupanda gari. Mimi sipandi gari, na sababu mnaijua, lakini nitaiandika ikifika mahali pake.

Kutoka Bwiza mpaka Kamenge, mara tatu

Njia ya kwenda Kamenge ni tambarare, mnaipita kila siku na abiria mgongoni. Mimi niliipita mara tatu ndipo nikaanza safari.

Watu wa mlimani hukutana asubuhi hapo Kamenge kabla barabara haijafunguliwa. Askari wanatangulia kuikagua kama hakuna wenye bunduki vichakani, halafu malori yanaruhusiwa kupanda kwa msafara, na wao wananing'inia nyuma ya malori. Mara ya kwanza nilifika nikawaona. Watu wenye ndala miguuni, baiskeli zimefungwa vyuma mpaka zinafanana na vitanda vya hospitali, wanacheka kama wanasubiri harusi. Nikainama, nikalegeza kizibo cha upepo kwa ukucha, tairi ikalala, nikasema kwa sauti, "Eh, pancha!" Nikarudi nyumbani nikiisukuma.

Mara ya pili nilifanya vilevile. Askofu akaniangalia tu.

Mara ya tatu nilipoinama, mkono ukanishika begani. Ulikuwa wa kiongozi wao, mwanamume wa umri wangu, macho mekundu kwa vumbi. Wanamwita Chumvi kwa sababu zamani alipandisha chumvi. Alichutama karibu yangu akaangalia kizibo.

"Muze," akasema, "hii tairi yako inaogopa sana kuliko we."

Wenzake wakacheka. Askofu akaongeza, "Apana kumucheka. Mwaka wangu wa kwanza, mi nilitupa mnyororo kwa mutaro, nikasema wameiba."

"Mi siogopi," nikasema.

"Basi we mubaya," Chumvi akajibu. "Asiyeogopa ile mulima, mi siendi naye. Atanifia njiani. Jaza upepo, tuende."

Akaona godoro jekundu. Akalibonyeza kwa kidole.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya kumushusha dada yangu."

Kicheko kikaisha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nitabeba maji kwa kapu. "Kutoka Bugarama? Mutu muzima? Kwa ile materemko?"

"Ndiyo."

"Sawa, Godoro," akasema. Na jina langu likawa hilo, kwa sababu alinipa sheria ya kwanza papo hapo: njiani hakuna jina. Hauliziwi unaitwa nani, unatoka kilima gani, baba yako nani. Jina linasema mambo mengi, na vichaka vina masikio. "Hata sisi kwa sisi," akasema. "Mi sijui Askofu anaitwaje. Sitaki kujua. Nikijua, siku moja wataniuliza."

Ilinichoma. Kwa sababu mimi ni mtu wa majina. Kila anayekaa karibu yangu namwambia: Gaspard, fundi saa wa hapo Kamenge, jirani yangu ukuta kwa ukuta nilipoishi huko. Leonidas, dereva wa ile basi ndogo nitakayoieleza mbele. Edisa, mama wa nyumba ya tatu. Ninayasema kila siku ili yasije yakadhaniwa ni majina ya watu wema. Sasa hapa naambiwa nifunge mdomo.

Chini ya mlima, kusubiri lori

Tulisubiri jua likapanda. Barabara haikufunguliwa. Wenye malori wakalala chini ya malori yao. Mama mmoja akapita na mihogo ya kuchemsha na karanga, tukala. Askofu akaeleza kwa mdomo umejaa jinsi alivyochumbia mara nne, na mara zote nne wazazi wa binti walimuuliza kazi yake, akasema "usafiri," wakadhani ana gari.

Chumvi akatumia muda huo kunifundisha kushika breki na kupanda. Alikata kipande cha tairi kuukuu akakifunga kwa mpira chini ya kiatu changu cha kulia.

"Fre ya mukono sahau," akasema. "Kule inaungua mupaka inanuka. Fre ni huyu muguu. Unakandamiza gurudumu la nyuma, unaachia, unakandamiza, unaachia. Ukikandamiza moja kwa moja, kiatu kinawaka moto."

"Na kupanda?"

"Kupanda ni mukono wa kushoto tu. Unashika chuma ya kamiyo," akanionyesha lori lililosimama, "mukono inanyooka, apana kukunja. Ukikunja unavutwa chini ya tairi. Na usitazame kamiyo. Utazame mi."

Nikamuuliza ikiwa kuna waliokufa. Akakung'uta mikono.

"Maswali gani hayo na asubuhi?"

Lori letu lilikuja, limebeba saruji. Wenzangu wakakimbia na baiskeli zao, wakazirukia kama kuku wanaoruka uani, mmoja mmoja akishika chuma chake. Mimi nilibaki. Lori likasonga mbele polepole, na Chumvi, badala ya kuondoka nalo, akaachia. Akabaki barabarani ananitazama. Lori la pili likatupita naye hakulishika. Nikaona aibu kwamba mtu huyu atakosa soko la asubuhi kwa ajili yangu, naye hanijui hata jina. La tatu, nalo la saruji na watu wengine nyuma yake, lilipofika nikakanyaga pedali kwa nguvu zote, nikafumba jicho moja, mkono ukagusa chuma cha moto. Bega likavutwa kama mtu amenishika akitaka kunipeleka polisi. Nilikuwa napanda.

Kona ya mikaratusi

Mlima ule hauna sehemu ya kupumzika. Kona baada ya kona, bonde linashuka upande mmoja, na ziwa linazidi kuwa dogo huko chini, na jiji nalo, mpaka mtaa wa Kinindo wenye majumba yake yote unafunikwa kwa kiganja. Moshi wa lori unaingia puani. Vumbi la saruji linakuwa unga machoni. Hakuna anayeongea na mwenzake kwa sababu ya injini. Tuko wengi tumeng'ang'ania kitu kimoja, na kila mtu yuko peke yake na mkono wake.

Nikaanza kujua tulipo. Kwanza ukingo mwekundu. Halafu daraja dogo. Halafu mikaratusi.

Hapa ndipo basi yetu iliposimamishwa. Naiandika, kwa kuwa karatasi haina masikio. Tulikuwa tunapanda kwenda msibani, mimi na mke wangu Konsolata. Leonidas alisimamisha gari kabla hata hajanyooshewa bunduki, na mpaka leo hajanieleza kwa nini. Wenye bunduki wakauliza ni nani ndani asiye wa kwao. Watu wote waliangalia miguu yao. Gaspard fundi saa, aliyekula ugali kwangu Jumapili moja kabla, akatunyooshea kidole. Hakuulizwa mara mbili. Wakamshusha Konsolata kwanza. Mimi nilikuwa kiti cha mwisho, nikatoka kwa dirisha la nyuma, nikaangukia migombani. Nilipofika nyumbani baada ya siku kadhaa, Edisa alikuwa keshachukua masufuria yetu. Tulikutana mlangoni, yeye na moja mkononi, akasema alikuwa anatutunzia.

Ndiyo kona hiyo. Lori likapunguza mwendo, likabadilisha gia, likatetemeka. Koo langu likajaa jina la Gaspard, nilitaka kulipiga kelele pale pale, miti isikie. Nilifungua mdomo. Mkono wangu ukaanza kukunjika.

Chumvi alikuwa ubavuni. Aliachia usukani kwa mkono wa kulia, akanishika kifundo cha mkono, akaukandamiza unyooke.

"Hapa apana majina," akapiga kelele juu ya injini. "Mukono! Nyoosha mukono, Godoro!"

Nikaunyoosha. Nilimwangalia yeye kama alivyoagiza. Sikio lake moja halina kipande cha chini, jambo ambalo sikuliona asubuhi. Nililiangalia sikio lile mpaka mikaratusi ikaisha.

Bugarama, uji

Juu kuna baridi, ukungu unapita kati ya watu kama ng'ombe wasio na mchungaji. Karoti, kabichi, vitunguu vya majani, kila kitu kinang'aa maji. Niliegemea ukuta wa kantini.

Wenzangu waliotutangulia waliingia ndani na Chumvi. Mama mwenye kantini akaleta chungu cha pombe ya ndizi, wakachomeka mirija, vichwa vyao vikakutana juu ya chungu kimoja. Mimi akanipa bakuli la uji wa mtama. Peke yangu, kwenye kibao cha pembeni.

Mnanijua. Damu ikanipanda. Nikasema moyoni: ndiyo hivyo, wamejua mimi ni nani, au wanafikiri nitawatilia kitu chunguni. Siku hizi chungu kimoja si jambo dogo. Mtu hanywi pamoja na asiyemwamini. Nikaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Hata pombe mnaninyima? Mi nina ukoma?"

Wote wakanigeukia, mirija mdomoni. Askofu alicheka mpaka pombe ikamtoka puani.

"Eh, Godoro! Mutu wa kushuka mara ya kwanza anakunywa uji. Wote tulikunywa uji. Ukishuka na pombe kichwani, tutakuokota kwa kabichi za watu."

"Murija wako uko chini," Chumvi akasema bila kuinua kichwa. "Ukifika, utaukuta."

Niliunywa uji. Ulikuwa mtamu, una sukari ya kutosha. Lakini aibu ina ladha yake, na uji haukuweza kuiondoa.

Kwa dada

Nilimkuta mahali pale pale aliponielekeza Askofu, nyuma ya kilima cha kabichi, kofia ya sufu kichwani, mguu umenyooshwa mbele kama mti wa kuni. Amezeeka. Na mimi pia, maneno yake ya kwanza yalinionyesha.

"Balta. Mudogo wangu. Umenyauka hivi?"

Tulishikana, tukakaa hivyo. Halafu akapika: maharage, ndizi, majani ya muhogo yaliyotwangwa na mafuta ya mawese. Nikala kama mtu aliyetoka gerezani. Nikamweleza chumba cha Bwiza, jinsi nitakavyoweka pazia, kitanda chake upande wa dirisha, soko liko karibu, atauza hata akiwa amekaa. Nikampeleka kuona godoro. Akalipapasa, akacheka kidogo.

"Ni zuri. Umelishona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Tukarudi ndani. Na kwa kuwa njia nzima nilikuwa nimefunga mdomo, mdomo ukafunguka. Nikamwambia nilivyopita kona. Nikasema Gaspard. Nikasema kwamba mtu fulani kamwona Uvira, ng'ambo ya mpaka, amefungua kibanda cha saa, ananenepa. Nikasema Leonidas bado anaendesha. Nikasema Edisa, hata sufuria ile ya kifuniko cha bluu, ile aliyotuachia mama. Nilisema mpaka chakula kikapoa, nikarudi mwanzo nikasema tena. Dada yangu alikuwa anatoa majani mabovu kwenye kabichi, jani moja, jani jingine.

Nilipomaliza akauliza, "Huko kwako unalala na nani?"

"Peke yangu. Si ndiyo maana nimekuja?"

"Hapana, Balta. Unalala na Gaspard. Na yule dereva. Na Edisa na masufuria yake. Nyumba imejaa. Mi utaniweka wapi?"

Nikadhani anatania. Nikasema, "Uliniita nikuchukue."

"Nilisema uje unione. Nimefurahi kukuona."

"Nimepanda ile mulima kwa ajili yako!"

"Najua. Na unaogopa hata kupanda kiti." Akanishika shavu kama nilipokuwa mtoto, mkono una baridi ya kabichi. "Mi pia nilimupenda Konsolata. Lakini hapa nikiamka, nasikia majogoo na watu wanagombana bei. Siwezi kuamka nikasikia Gaspard kila asubuhi. Nimekaa mbali naye kwa miguu yangu, huu muguu mbaya na huu muzima."

Nilikasirika. Sitasema uongo kwenye karatasi. Nilimwambia kwamba ni rahisi kwake, yeye hakuwepo kwenye basi. Akakubali kwa kichwa. Hilo ndilo lililonimaliza, alivyokubali. Nje Askofu alikuwa anapiga mluzi, saa ya kushuka imefika, kwani mchana ukizidi barabara inafungwa tena.

Kushuka

Nilifika kwa wenzangu na baiskeli tupu. Hakuna aliyeuliza dada yuko wapi. Chumvi alilitazama godoro, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Velo tupu haishuki hapa. Itaruka kama mbuzi. Lazima uzito."

Nikasema sina mzigo. Sauti nyuma yangu ikasema, "Anao." Dada yangu alikuwa amekuja akichechemea, anavuta gunia kwenye nyasi mbichi. Kabichi. Chumvi akaliinua, akalikalisha juu ya godoro jekundu kama abiria, akalifunga kwa kamba za mpira, akalipiga kofi.

"Huyu mama ametulia," Askofu akasema. "Hataogopa kona."

Dada akacheka. Mimi sikuweza. Alinipa mkono, akasema, "Ukija tena, uje peke yako." Nilikanyaga pedali.

Ninyi mnataka kusikia juu ya kushuka, najua, ndiyo mnayoniuliza kila siku. Haya. Upepo unakuingia mdomoni unakusukuma mashavu. Kiatu kinanuka mpira unaoungua. Unakandamiza, unaachia. Mbele yangu mgongo wa Chumvi na mikungu ya ndizi imesimama pande zote mbili kama mabawa, nyuma yangu Askofu anaimba nyimbo za kanisa na kuzikosea. Gunia linanisukuma kiunoni kila kona, zito, kama mtu anayeniegemea kwa uoga. Nilijikuta namwambia: tulia, tulia, tunafika. Kabichi, namwambia kabichi.

Nilipoona mapaa ya Kamenge nikajua tumeshuka. Halafu nikashtuka. Kona ya mikaratusi ilikuwa wapi? Tulikuwa tumeipita. Nilikuwa natazama mgongo wa mtu na kuhesabu mguu wangu, kandamiza, achia, nikaipita bila kuiona, bila jina, hata jina la Konsolata. Nilisimamisha baiskeli kando nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wakati ule kwamba nimepitisha saa nzima bila wao. Sikujua kama nimepona au nimeiba.

Chumvi alinisubiri. Walikuwa wamekaa kwenye mawe, chungu kipo, na mrija mmoja hauna mwenyewe. Akanionyesha kwa kidevu. Nikainama pamoja nao. Walisema ni upepo, kila mtu mara ya kwanza hutoka machozi.

Bwiza

Kabichi zile mlizila ninyi, nyingine niliwapa majirani, moja nilijipikia. Chumba ni kilekile. Pazia nililonunua bado limekunjwa. Jioni ile ya kwanza nilifungua mdomo niiambie baiskeli habari za Gaspard, kama kawaida, nikamsikia dada akiuliza nitamweka wapi. Nikafunga mdomo. Sikulala vizuri. Ni kimya kikubwa sana, ninyi, nyumba ikiwa na mtu mmoja kweli.

Msifikiri nimesamehe. Gaspard fundi saa alinyoosha kidole. Leonidas alisimamisha gari. Edisa alichukua masufuria. Nimeyaandika kwa wino, yasome anayesoma, na akipita Gaspard hapo kituoni mjue ni nani mnayembeba.

Lakini Jumamosi napanda tena na akina Chumvi. Godoro nimelifua, limekauka, limefungwa mahali pake. Kule juu siwezi kwenda na wale watatu, hawaenei. Kwa hiyo majina yao nawaachia ninyi hapa kituoni. Mnitunzie mpaka nirudi.